Boma limefika lenta, tuombe wapi? Fedha za shule za serikali zikilinganishwa

Kamati nyingi za shule hulikuta swali hili mwisho wa mwaka, watoto wa awali na darasa la kwanza wanapoandikishwa na hesabu ya vyumba kukataa. Wananchi wamechanga, wamefyatua tofali, boma la vyumba viwili limefika kwenye lenta, halafu nguvu zimeisha. Mjumbe mmoja anasema twende kwa mbunge. Mwingine amesikia kuna hela za BOOST, ule mradi mkubwa wa Serikali wa shule za awali na msingi. Wa tatu anamgeukia mwalimu mkuu: "Kwani hii ruzuku inayoingia kila mwezi inafanya kazi gani?"

Kila mmoja ana hoja yake, ila wanazungumzia fedha za aina tofauti. Nyingine huja zenyewe bila kuombwa, nyingine huombwa kwa muhtasari wa kikao, na nyingine hufuata takwimu tu hata kama shule haijaandika mstari mmoja. Kamati ikichanganya hayo mambo matatu hupoteza mwaka mzima ikigonga mlango usio wake.

Nazilinganisha hapa kwa shule za Tanzania Bara. Zanzibar wana wizara yao na taratibu zao. Ili tusielee hewani, tuchukue shule moja ya mfano: shule ya msingi ya kijijini, wanafunzi 800, boma la vyumba viwili lililofika lenta, na vyoo ambavyo havijawahi kutosha.

Ruzuku ya uendeshaji

Tuanze na ile ya mjumbe wa tatu. Tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, Serikali hutenga shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Zote hazifiki shuleni. Shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule. Sekondari ni 25,000, nusu yake vitabu na nusu yake shuleni, na juu yake kuna fidia ya ada ya 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa.

Sasa piga hesabu ya shule yetu. Wanafunzi 800 mara 6,000 ni 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi, wino wa kudurufu mitihani, jezi na mpira, komeo la mlango lililong'oka, madawati yaliyolegea, na nauli ya mwalimu mkuu akiitwa halmashauri. Kwa miaka kadhaa Serikali ilikuwa ikitenga 12,500,000 kumalizia boma la darasa moja. Vyumba viwili ni 25,000,000. Ili ruzuku imalize boma lile, shule ingekaa zaidi ya miaka mitano bila kununua hata boksi la chaki.

Kwa hiyo ruzuku si ya ujenzi, na mwalimu mkuu anayekataa kuichota kwa ajili ya bati hana ubahili wowote. Mkaguzi akija atamuuliza yeye, hatamuuliza mjumbe aliyepiga kelele kikaoni.

Ubora wa ruzuku ni kwamba hufuata vichwa. Haina mjomba, haina kikao, haina msimu wa uchaguzi, na tangu 2016 hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule badala ya kupitia halmashauri. Udhaifu wake uko hapo hapo: shule ndogo yenye watoto 150 hupata 75,000 kwa mwezi, ingawa nayo ina paa, ina choo, na ina mitihani ya kuchapisha kama shule nyingine yoyote. Mfumo wa kichwa kwa kichwa unaibana sana shule ndogo, na sioni kama suala hilo linazungumzwa vya kutosha.

Mfuko wa Jimbo na mapato ya ndani

Hapa ndipo kamati nyingi zinapokosea kuchagua, kwa sababu milango hii miwili iko kwenye jengo moja. Yote ni fedha zinazotokea halmashauri. Lakini hujazwa tofauti, huamuliwa na watu tofauti, na hutoka kwa mwendo tofauti.

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliundwa kwa sheria ya 2009. Hela inatoka Hazina, na mgawo wa kila jimbo huzingatia idadi ya watu, hali ya umaskini na ukubwa wa eneo, pamoja na sehemu inayogawanywa sawa kwa majimbo yote. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati ya mfuko, lakini fedha yenyewe hukaa kwenye akaunti ya halmashauri na afisa mipango ndiye katibu. Kwa hiyo mnapokwenda "kwa mbunge", mpelekeeni nakala na afisa mipango. Ombi lililoishia kwenye simu ya mbunge au ya katibu wake bila karatasi kugongwa muhuri halmashauri huwa limeishia hapo hapo kwenye simu.

Jina lenyewe la mfuko linasema ni wa kuchochea. Haukukusudiwa kujenga kitu kuanzia msingi hadi rangi. Kwa jimbo zima ni makumi ya milioni tu kwa mwaka, na kata zote zinazitolea macho. Ndiyo maana mara nyingi hutoka kwa sura ya vifaa: bati kadhaa, mifuko ya saruji, mbao za kupaua, nondo. Kwa boma lililofika lenta hiyo ni habari njema, kwa sababu kilichobaki ni kupaua na kuezeka, na hicho ndicho kipande kinachopimika kwa vifaa. Mbunge akikabidhi bati, watu wanaziona zikipanda juu. Tusijifanye hatujui: mradi unaoonekana hupata kura kikaoni kuliko shimo la choo.

Mapato ya ndani ni habari nyingine. Hizi ni hela za halmashauri yenyewe: ushuru wa mazao, leseni, ushuru wa huduma, kodi za vibanda na stendi. Miongozo ya bajeti huitaka halmashauri ielekeze sehemu yake kwenye maendeleo, kwa nyingi ikiwa asilimia 40, na asilimia 60 kwa zile zenye makusanyo makubwa. Jiji lenye viwanda na hoteli linaweza kujenga shule ya ghorofa kwa mapato yake. Halmashauri inayotegemea zao moja hungoja msimu. Kwenye wilaya za korosho, kwa mfano, minada huanza Oktoba, na kabla ya hapo unaweza kuwa na mradi uliopitishwa vizuri kabisa na kasma, yaani fungu lake la bajeti, tupu.

Njia ya kuyafikia ni ndefu lakini inajulikana. Mkutano mkuu wa kijiji huibua mradi, muhtasari hupanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wa halmashauri huupitia, kamati za kudumu huuchambua, na Baraza la Madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Shule inayoanza kulia Machi kwamba haina madarasa imeshachelewa kwa mwaka unaofuata, sembuse huu. Ukitaka kuwa kwenye bajeti, muhtasari wa kijiji uwe mezani kwa mtendaji wa kata kabla ya Krismasi.

Kati ya hiyo miwili, mtu wa kukufaa kwenye mapato ya ndani ni diwani, na kwenye Mfuko wa Jimbo ni mbunge pamoja na afisa mipango. Wanasiasa hawa wawili wakiwa hawapikiki chungu kimoja, chagua njia ya diwani kwanza. Ni ndefu, ila inaacha nyaraka, na mradi ulioingia kwenye kitabu cha bajeti unaweza kuuulizia hadharani barazani. Vifaa vya Mfuko wa Jimbo visipokuja mwaka huu, hakuna mahali pa kuuliza zaidi ya kungoja mgawo mwingine.

Kwa boma letu ningeomba kote kuwili, lakini vitu tofauti: bati na mbao kwa Mfuko wa Jimbo, plasta, sakafu, milango na madirisha kwa mapato ya ndani. Muhimu ni mchanganuo wa gharama wa mhandisi wa halmashauri uoneshe wazi nani analipia nini. Ukiomba bati zile zile pande mbili, utaonekana unataka kulipwa mara mbili hata kama nia yako ilikuwa kubahatisha tu.

BOOST, EP4R, SEQUIP na ndugu zao

Hizi ndizo hela kubwa, na ndizo zinazozungumzwa zaidi vijiweni. EP4R, mpango wa kulipa kwa matokeo, ulianza 2014 kwa fedha za Benki ya Dunia, Uingereza na Sweden. SEQUIP ni ya sekondari, ikiwa na mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2020. BOOST ni ya awali na msingi, shilingi trilioni 1.15, ikipangwa kutekelezwa kuanzia 2021/22 hadi 2025/26. Miradi ya namna hii ina mwanzo na mwisho wake, na mmoja ukifungwa mwingine huja kwa jina jipya. Namna zinavyogawanywa, hata hivyo, haijabadilika sana.

Mkupuo wake ni mkubwa. Shule mpya ya sekondari ya kata chini ya SEQUIP ilianza na 470,000,000 kwa awamu ya kwanza. Shule mpya ya msingi chini ya BOOST ilipata zaidi ya milioni 300 kwa mkondo mmoja, na zaidi ya milioni 500 kwa mikondo miwili. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilitoa 20,000,000 kwa darasa pamoja na samani zake, na madarasa 15,000 yalitakiwa yawe tayari watoto wanapofungua shule Januari 2022, ilhali mpango ulizinduliwa Oktoba 10. Mafundi walilala site.

Lakini kamati haiwezi kuandika barua "ya kuomba BOOST" ikapata. Orodha hutokana na takwimu: msongamano darasani ukilinganishwa na kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba, umbali wanaotembea watoto, upungufu wa matundu ya vyoo kwa kiwango cha wasichana 20 na wavulana 25 kwa tundu. Takwimu hizo zinatoka shuleni kwenu, kupitia mfumo wa taarifa za shule ambao mwalimu mkuu huujaza. Kwa hiyo kinachoonekana kama bahati ya shule jirani mara nyingi kilianzia kwenye kishikwambi cha mwalimu. Ukimkuta mwalimu wa takwimu ameandika vyumba sita wakati kimoja kilishaezuliwa na upepo na kimoja ni boma, umepata sababu ya shule yenu kutoonekana. Boma si darasa. Lisihesabiwe kama darasa, maana mfumo utaona mnatosha.

Kwa mjumbe wa kawaida kazi hapa ni ya dakika chache na haina posho: omba kusomewa takwimu za shule zilizotumwa, kisha tembea uwanjani uhesabu mwenyewe.

Mkupuo ukifika, mzigo nao unafika. Ujenzi hufanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani mafundi wa kawaida wa mtaani badala ya mkandarasi, na shule huunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Tangu 2023 manunuzi yanapitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, na fundi mzuri wa kijijini asiyesajiliwa humo anaweza kukosa kazi ya shule anayosoma mwanawe. Wajumbe wa mapokezi ndio wanaosimama jua kali wakihesabu mifuko ya saruji inayoshuka kwenye fuso na kusaini. Asaini aliyehesabu. Halafu kuna Juni 30: fedha ya mradi isiyotumika hadi mwaka wa fedha unafungwa inaweza kurudi Hazina, na kuirudisha tena ni safari nyingine.

TEA: mlango unaoombwa kwa maandishi

Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya 2001, ni kinyume cha BOOST. Hapa andiko ndilo linalobeba. Fedha zake zimekwenda kwenye madarasa, nyumba za walimu, mabweni, matundu ya vyoo na miundombinu ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Wahitaji ni wengi nchi nzima, hivyo ushindani ni mkali, na ombi hupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Kwa boma la madarasa mawili ya kawaida singeanzia TEA. Kila shule ina boma. Lakini shule yetu ikiwa na kitengo cha watoto viziwi au wasioona, au wasichana wanaokosa masomo kwa sababu vyoo ni vibovu na maji hakuna, hapo andiko lina uzito wake. Weka picha, weka idadi ya wasichana na wavulana kwa matundu yaliyopo, weka barua ya mkurugenzi, na usiandike kurasa tatu za historia ya kijiji kabla ya kusema unataka nini.

Mfuko huu pia hupokea michango ya makampuni na watu binafsi, na hutoa hati ya utambuzi yenye nafuu ya kikodi. Mzawa wa kijiji mwenye kampuni mjini akisema anataka kusaidia, mweleze habari hiyo.

Michango, migodi na TASAF

Michango ya wazazi haijafutwa, kilichofutwa ni kulazimisha. Waraka Na. 3 wa 2016 ulifafanua wajibu wa kila upande, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kushika hela za michango akaagiza wanaotaka kuchangia waende kwa mkurugenzi. Tangu hapo utaratibu salama umekuwa huu: wananchi wakubaliane kwenye mkutano wao wa kijiji, hela zisipite mikononi mwa walimu, na mtoto asirudishwe nyumbani hata siku moja kwa sababu ya mchango. Nguvu za watu bado ni mtaji. Mchanga, kokoto, maji na kuchimba msingi vikithaminiwa na kuandikwa kwenye mchanganuo, vinaonekana kama sehemu ya gharama kwa yeyote mnayemwomba baadaye.

Shule zilizo jirani na mgodi zina mlango wa ziada. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inaitaka kampuni iandae kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii kwa makubaliano na halmashauri. Huo mpango una kikao chake. Vijiji vya Geita na Tarime wanaujua. TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo hujenga miundombinu kwenye maeneo maskini, lakini kwa vijiji vilivyomo kwenye mpango wake.

Ukilazimika kuchagua

Shule yetu ya mfano, yenye kamati ya watu ambao wengi ni wakulima na muda wao si wa kuchezea, isikimbilie milango yote. Mwaka wa kwanza ningeweka nguvu kwenye mapato ya ndani kupitia kata na diwani, na ombi moja fupi la bati na mbao kwenye Mfuko wa Jimbo. Boma lililofika lenta linauzika kuliko kiwanja kitupu, kwa sababu halmashauri ikitoa kidogo inapata darasa zima la kutaja kwenye taarifa yake. Sambamba na hilo, takwimu zisahihishwe, kazi ambayo haina gharama.

Kama shule haina boma bali ina watoto 1,600 kwenye vyumba tisa, mambo yanageuka. Hapo bati za mbunge hazitatui kitu. Mnahitaji shule mpya ya pili, na hiyo ni hela ya miradi mikubwa. Kazi ya kamati ni kutafuta eneo lisilo na mgogoro, lipimwe, na kijiji kiliandikie muhtasari wa kulitoa. Mradi mkubwa unapotua wilayani siku za kuamua huwa chache, na halmashauri hupeleka fedha penye kiwanja safi. Kata yenye ndugu wanaogombania shamba huachwa, fedha zikaenda kata ya pili.

Na shule shikizi, ile ya madarasa mawili iliyojengwa ili watoto wadogo wasivuke mto? Hiyo ruzuku yake hupitia shule mama. Kabla ya kuomba darasa la tatu popote, mzazi aliye kwenye kamati aombe kwanza kujua watoto wa shikizi wanahesabiwa wangapi na kiasi gani kati ya zile 6,000 kinavuka ule mto.